Togwa ya Aberdeenshire

Watu wakisikia nimeishi Uskoti swali la kwanza ni haggis, umekula haggis? Nimekula ndio, ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yamesagwa na mafuta, unga wa oti, kitunguu na pilipili manga halafu vinachemshwa ndani ya tumbo la kondoo huyohuyo, kitamu tu. Ila chakula cha Uskoti ninachokikumbuka mimi sio hicho, na sidhani kama kuna hoteli inakuuzia.

Nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, huko Aberdeenshire, upande wa Huntly, mashamba matupu na upepo. Kati ya wazee wangu kulikuwa na bibi mmoja amevuka tisini, akili iko vizuri kabisa ila miguu imegoma. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba, wale waliokuwa wanahamahama kila mkataba ukiisha, na sehemu ya mshahara walilipwa unga wa oti na maziwa, yaani sio pesa, unga. Walikuwa wanapima kwa kipimo kinaitwa boll, kama kilo 64 hivi, na familia ilitakiwa iishi humo. Asubuhi brose, ambayo ni unga unamwagiwa maji ya moto na chumvi basi, hata jikoni haupiti, jioni uji, kesho hivyohivyo.

Sasa Desemba ilipoanza bibi akaanza kuulizia sowans. Mimi nikajua ni dawa, nikaenda kuangalia kwenye boksi la dawa zake! Akanicheka sana. Akaniambia kwao mkesha wa Krismasi ulikuwa unaitwa usiku wa sowans, majirani wanakuja, kila mtu na bakuli lake, na hiyo ni zamani Krismasi yenyewe sio sikukuu (kweli kabisa, Uskoti Krismasi imekuwa siku ya mapumziko mwaka 1958 tu, kanisa lao la matengenezo lilikuwa halitaki mambo hayo). Alikuwa nacho kitabu cha mapishi cha F. Marian McNeill cha mwaka 1929, sowans imo, ila hakutaka nikifungue, akasema kile ni cha watu wa Edinburgh, hapa kaa usikilize.

Basi nikasikiliza. Unachukua makapi ya oti, yale maganda ya ndani yanayobaki kinuni yakiwa bado na unga unga umeng'ang'ania, unayaloweka kwenye maji ya vuguvugu, unafunika, unaweka mahali pana joto kama wiki nzima mpaka yachachuke. Halafu unachuja, unakamua makapi kwa mkono mpaka yatoe kila kitu, lile tui unaliacha tena siku mbili litulie. Chini panaganda kitu kizito cheupe, juu yanabaki maji machachu.

Nikamwambia bibi, hii ni togwa!

Mimi ni mtu wa Songea, nimekua nimekunywa togwa kabla sijajua soda. Ikabidi nimweleze, na alivyo mbishi akanihoji kila hatua, ulezi unachipuaje, unaanikwa wapi, nani anasaga. Nilipofika pale kwamba sisi tunapika uji kwanza, ukipoa ndio unatia kimea uchachuke, akasimamisha mkono. Kwao ni kinyume, unachachusha kwanza halafu ndio unapika. Akaniuliza mnapikaje kitu ambacho hakijawa tayari? Nikakosa jibu.

Makapi yenyewe kuyapata ikawa shughuli, siku hizi yanaenda kwenye chakula cha mifugo moja kwa moja. Mwanae wa kiume, naye mzee mstaafu, ndio akaenda kuyaomba kwa mtu mwenye kinu cha zamani kile cha maji, akaleta mfuko mzima. Tukaloweka kwenye chungu cha mama yake bibi, kile kizito cha udongo, tukakiweka pembeni ya hita.

Siku ya tatu nyumba ikaanza kunukia. Mimi na bibi tuko sawa, ile harufu kwangu mimi ni nyumbani kabisa, ila bahati mbaya wiki hiyohiyo msimamizi wetu akapita kukagua. Sitaitaja kampuni. Akafunua chungu, akarudi nyuma, akasema hiki kitu kimeoza, kimwagwe, mteja akiharisha nani ataandika ripoti. Mimi nimekaa kimya nafikiria kibarua changu. Bibi kwenye kiti chake pale, kwa kile Kidoriki, lahaja yao ya kule ambayo hata Waskoti wa Glasgow hawaielewi vizuri, akamwaga maneno mimi nikadaka kama nusu hivi, ila nilielewa kwamba nyumba ni ya nani, na kwamba mama yake alilea watoto kwa hicho chungu hakuna aliyeharisha. Msimamizi akaandika sijui nini kwenye fomu akaondoka. Chungu kikabaki.

Mkesha wa Krismasi nikapika mimi, yeye anaamuru. Lile zito kipimo kimoja, maji viwili, chumvi, moto mdogo, na usiache kukoroga hata kidogo kwa sababu linashika ghafla, dakika moja ni maji dakika inayofuata mkono unauma, na rangi inabadilika kutoka nyeupe ya chaki inakuwa na mng'ao kama kioo chenye ukungu. Nikaonja. Uchachu unakuja nyuma ya ulimi, sio wa ndimu, ni ule wa kimea. Nikamimina kwenye mabakuli, maziwa baridi juu. Yale maji machachu nikayatia kwenye glasi nikayanywa yote peke yangu, na bibi akasema hivyo ndivyo vibarua walivyokuwa wanafanya kiangazi wakati wa kukata nyasi.

Mwanae alikula vijiko viwili akaomba sukari, mama yake akakataa kumpa. Mwanaume wa miaka sabini ananyimwa sukari na mama yake, nilicheka mpaka nikatoka nje.

Halafu wakaanza stori za Samuel Johnson, yule Mwingereza aliyeandika kamusi mwaka 1755 akasema oti Uingereza wanapewa farasi ila Uskoti zinalisha watu, mwanae alikuwa anaipenda sana hiyo. Bibi wala hakucheka. Akanigeukia mimi, akaniuliza kwenu ule ulezi ukishakobolewa makapi anapewa nani.

Kuku, nikamwambia. Kuku na nguruwe.

"Ulezi wote ule?" Akatikisa kichwa, akasukuma bakuli mbele niongeze. "Basi kesho uje mapema, mfuko bado una nusu, nikuonyeshe."