Ukibadilisha resolv.conf, programu yako imepata habari?

Hili wengi mnalijua. Seva ya DNS, ile inayogeuza jina kuwa anwani ya IP, imehamishwa, umeingia kwenye /etc/resolv.conf, faili la Linux linalotaja seva hizo, umeweka IP mpya, ukipiga ping jina linaitika fasta kabisa, ila ile programu inayoran nyuma tangu wiki iliyopita bado inalia jina halipatikani. Utaambiwa ristati tu. Unaristati, inakubali, maisha yanaendelea. Mimi jibu hilo haliniridhishi hata kidogo, kwa sababu kuna fanksheni moja ndani ya maktaba ya C inaitwa res_init ambayo ndiyo yenye kesi yote, na anayeandika programu za seva anatakiwa aijue vizuri.

Kazi yake ni kusoma hilo faili na kujaza struct inayoitwa _res: seva za DNS za kuulizwa, orodha ya search (viambishi vya kuongeza mwishoni mwa jina), na zile options kama ndots (nukta ngapi jina liwe nazo ndiyo liulizwe kwanza lilivyo), timeout (muda wa kusubiri jibu) na attempts (mara za kujaribu). Mara nyingi huiiti mwenyewe, ile getaddrinfo ya kwanza, fanksheni ya kutafuta anwani ya jina, inakufanyia. Faili lisipokuwepo inakwenda kuuliza 127.0.0.1. Na usomaji wake una masharti yake, neno nameserver lazima lianze mwanzo kabisa wa mstari, ukitanguliza spesi mstari wote unarukwa, na seva zinazotumika ni 3 tu, ukiandika ya nne inaachwa kimya kimya bila onyo lolote.

Sasa tatizo liko hapa, kwenye glibc ya zamani, yaani maktaba ya C ya Linux nyingi, usomaji huo ulikuwa unafanyika mara moja halafu basi. Laptopu ikitoka wifi ya ofisini ikaingia hotspot ya simu, programu iliyokwisha kusoma inaendelea kuuliza seva ya ofisini ambayo haifikiki tena. Ndiyo maana ukifungua kodi za programu za zamani zinazokaa muda mrefu utakuta zinaita res_init zenyewe kila jina likishindikana, na Debian walikuwa wanabandika kiraka chao kwenye glibc ili isome upya. Afueni ilikuja na glibc 2.26 mwaka 2017, kuanzia hapo kabla ya kutafuta jina inaangalia kama faili limebadilika, likiwa limebadilika inalisoma tena yenyewe. Weka strace, chombo kinachoonyesha programu inaiomba nini kernel, kwenye programu yako utaiona kwa macho inavyochungulia resolv.conf kila mara.

Ila msilale. Kama programu yako imeingiza mkono ndani ya _res ikabadilisha kitu, kwa mfano imepanga seva zake yenyewe, glibc inaheshimu hayo mabadiliko na haisomi upya. Vilevile kama kuna option ya no-reload. Kwa hiyo mtu anaposema "mbona mimi nina glibc mpya na bado inagoma" cha kwanza tafuta kwenye kodi nani anagusa _res. Na ukitaka mipangilio yako binafsi tumia res_ninit na struct yako, ukimaliza ifunge na res_nclose, usichezee ile ya wote.

Kitu kingine kinachoniuma ni zile sekunde 5. Chukua faili hili:

nameserver 10.0.0.2
nameserver 10.0.0.3

Tuseme 10.0.0.2 imekufa. Taimauti ya kawaida ni sekunde 5, kwa hiyo jina la kwanza linasubiri sekunde 5 ndiyo liende kwa 10.0.0.3, sawa, tunavumilia. Jina la pili je? Nalo linaanza na 10.0.0.2 tena, sekunde 5 nyingine, na la tatu hivyo hivyo, kwa sababu glibc haina kachi ya majibu na haikumbuki kwamba seva ya kwanza ilishindwa. Watu wanaita hiyo "seva iko slow", wanaongeza RAM, wanalaumu database, kumbe kila muunganisho mpya unalipia maiti. Mstari mmoja wa options timeout:1 unapunguza maumivu papo hapo, ukiongeza rotate maswali yanagawanywa kati ya seva zote badala ya kubanana kwa ya kwanza.

Walio kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena, waangalie na ndots. Podi, yaani kundi la kontena huko, kwa kawaida inapewa ndots:5, kwa hiyo jina lenye nukta mbili kama api.example.com linajaribiwa kwanza na kila kiambishi cha search, vikiwa vitatu basi ni maswali matatu ya bure kabla ya lile la kweli, na yanazidishwa mara mbili maana inaulizwa A (anwani ya IPv4) na AAAA (ya IPv6). Jina ukilimalizia na nukta mwishoni, search inarukwa.

Halafu wa Alpine Linux, kwenu ni musl, maktaba nyingine ya C, na mambo ni tofauti kabisa: res_init ipo lakini haifanyi kitu, inarudisha 0 tu, kwa sababu faili linasomwa kila jina linapotafutwa, na seva zote zinaulizwa kwa pamoja, atakayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Sekunde 5 za maiti huzioni huko.

Kwa wa glibc, kabla hujagusa faili la mashine nzima unaweza kujaribu kwa programu moja tu, res_init inasoma pia RES_OPTIONS kwenye environment:

RES_OPTIONS="timeout:1 rotate" ./programu

Ikichangamka, umeshajua pa kurekebisha.