Magunia Yangu 12: Kutoka Dabaga Hadi Isyonje

Mama aliposikia nimechaguliwa kuwa felo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umefeli nini tena, baba?" Nikacheka, nikamweleza kwamba felo ni mtu aliyepewa nafasi ya kujifunza uongozi, kwa upande wetu uongozi wa kilimo, na gharama zinalipwa. Akasema basi wangetafuta jina jingine. Nakubaliana naye mpaka leo.

Programu yenyewe ni ya mwaka mmoja na nusu. Tuko 14: maafisa ugani wawili, mwenye duka la pembejeo, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, makatibu wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), na mimi mkulima wa viazi kutoka Dabaga, wilaya ya Kilolo. Kila mmoja ana mlezi wake, na ilipangwa safari moja ya kwenda kuwatazama wenzetu wa Mbeya. Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na swali: umewahi kuongoza nini? Nikajaza: katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi, miaka 2.

Nilichoacha kujaza ni hiki. Muhtasari wa kikao chetu, kwa mwandiko wangu mwenyewe, unasema wanachama wote wamekubaliana kutouza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Miezi miwili baadaye Fuso lilikuja usiku, tajiri akiwa na pesa taslimu na haraka zake, nami nikauza magunia 12, yote yamejazwa hadi juu na kushonewa kilemba cha kamba. Niliwaambia vijana wapakie bila kuwasha tochi.

Tuliondoka Iringa asubuhi ya Juni, baridi ile ya kufanya mtu aone pumzi yake. Pale Ipogolo akina mama wa chai walitusalimia "Kamwene", tukaitikia, tukanunua maandazi ya moto, Coaster ikaanza kupanda. Mafinga kulinukia mbao mbichi kama kawaida, malundo ya misonobari ya Sao Hill yamepangwa pembeni mwa barabara. Baada ya hapo tukaangukia nyuma ya foleni ya malori ya mafuta yaendayo Tunduma. Dereva wetu hakuwa mtu wa kuyapita ovyo, Mungu ambariki, na Mzee akapata muda wa kuzungumza.

Mzee ndiye mlezi wangu. Ni bwana shamba mstaafu, aliyezunguka vijiji vya nyanda hizi kwa baiskeli, kisha kwa pikipiki, kisha kwa miguu pikipiki ilipokufa. Alituambia wazo hili la kuwakusanya wakulima vijana na kuwafunza uongozi lina umri mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1965, katika chuo kikuu cha jimbo la Michigan huko Marekani, kwa fedha za mfuko wa Kellogg, walianza kuwachukua wakulima vijana. Hawakuwafundisha kulima, kulima walikuwa wanajua. Waliwafundisha uchumi, siasa na namna ya kuzungumza na watu, wakawasafirisha kuona kwingine. California wakaanzisha ya kwao mwaka 1970. Na jirani zetu Nairobi, tangu 2008, kuna programu iitwayo AWARD kwa wanawake watafiti wa kilimo Afrika, nayo kila mmoja hupewa mtu mzima wa fani yake wa kumlea.

"Kwa nini hawakuwafundisha kulima?" akauliza mwenye duka la pembejeo, ambaye kazi yake ni kuuza majibu ya swali hilo.

Mzee akasema tusubiri tufike Uyole.

Makambako tulipita na upepo wake, tukavuka reli ya TAZARA, tukashuka hadi Igawa. Kutoka hapo nchi inafunguka: kulia tambarare ya Usangu na mashamba ya mpunga, kushoto ukuta wa milima. Chimala walituonyesha barabara inayopanda ukuta huo kwenda Matamba, ile wanayoiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Mmoja wa wafugaji alianza kuzihesabu kwa macho kutokea chini, akaishia 9.

Uyole tulilala, asubuhi tukaingia kituo cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Nilitegemea kuonyeshwa mbegu mpya za maharage na viazi, na tulionyeshwa. Ila kilichonikaa kichwani ni glasi ya maji. Mtafiti alikata shina la kiazi lililonyauka huku majani bado mabichi, akalining'iniza mdomoni mwa glasi, ncha ikigusa maji. Tukatazama. Uzi mwembamba wa rangi ya maziwa ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, taratibu, kama moshi uliokosea njia. Ule ni mnyauko, akasema, bakteria wenyewe hao. Hakuna dawa ya kupiga. Wanakaa kwenye udongo, wanasafiri na maji yanayotiririka kutoka shamba la juu kwenda la chini, na wanasafiri ndani ya mbegu, hasa sisi tunapouza viazi vikubwa na kubakiza vidogo vidogo ndiyo viwe mbegu ya msimu ujao.

Mzee akamgeukia mwenye duka. "Umeona? Wewe nunua mbegu safi, panda vizuri. Jirani yako wa juu apande takataka. Mvua ikinyesha, nani kavuna nini?"

Mwenye duka hakujibu. Mimi nilikuwa nawaza Fuso.

Mchana tukashika barabara ya Tukuyu. Kutoka Uyole unapanda tu, masikio yanaziba, ukungu unakuja kukupokea. Isyonje ni njia panda: mbele Tukuyu, kushoto Kitulo na Makete. Viazi kila upande, mteremko hadi mteremko, na magunia yamesimama pembeni mwa barabara na vilemba vyao kama wazee kwenye baraza.

Mwenyeji wetu ni mama wa makamo, mwenyekiti wa kikundi chao. "Ugonile," akatusalimia, kisha kwa sababu alituona tumeduwaa akarudia kwa Kiswahili. Uani kwake, chini ya boriti iliyoegemezwa kwenye miti miwili, ilining'inia mizani ya saa yenye kutu kidogo. Pembeni benchi. Juu ya benchi daftari la kaunta. Hicho ndicho tulichosafiri kuja kukiona, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilihisi nimedanganywa.

Kijana mmoja alikuwa amekodiwa kupitisha gunia la jirani aliyekataa kupunguza. Mama akaomba walipime kwanza, walione tu. Wakalinyanyua watu watatu. Kilo 134.

Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, na kila mkulima wa huku anajua. Wakala wa Vipimo wanakuja, wanakamata, wanaondoka. Sijawahi kusikia mkulima akibisha kwamba lumbesa ni wizi. Tunabishana ni nani aanze kukataa. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: 34 mara 12 ni 408. Kilo 408 nilizimwaga usiku ule, zaidi ya magunia manne.

"Mama, mafunzo ya uongozi ulipata wapi?" aliuliza mmoja wetu, kalamu tayari.

"Mafunzo gani, mwanangu? Mizani nilikopa."

Akatusimulia. Usichana wake aliumalizia kwenye chai, huko chini Rungwe. Majani ya chai hupelekwa bandani, yanapimwa, unaandikiwa kilo zako. "Sasa nikaolewa huku kwenye viazi, nakuta watu wanauza kwa macho. Nikasema, jani linapimwa, kiazi kina nini?" Msimu wa kwanza wa mizani, tajiri alicheka, akageuza gari. Lililofuata halikuja kabisa. Viazi vilikaa uani wiki 2, vya juu vikaanza kuwa kijani. Majirani walisema ameleta siasa. Shemeji yake aliacha kumsalimia. Msimu uliofuata akatokea mnunuzi aliyekubali kilo, kwa sababu, nadhani, naye alikuwa amechoka kugombana kwenye vizuizi vya barabarani. Leo kati ya wanachama 31, wanaopima ni 17. Wengine wanapima mchana na kuuza lumbesa usiku.

Akafungua daftari kwa nyuma. Kuna ukurasa umeandikwa *Waliokiuka*, majina, tarehe, idadi ya magunia. Jina la kwanza kabisa lilikuwa lake. Magunia 5.

"Hiyo ndiyo ada ya mafunzo," akasema, bila kuinua macho. "Niliuza usiku. Asubuhi nikaitisha kikao nikaandika. Ningewaandikaje wengine?"

Wenzangu waliendelea kuuliza: bei, soko, usajili, mikopo. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta mtandao.

Kesho yake Mzee aling'ang'ania tufike Kitulo kwa kuwa tumeshakaribia. Wanaiita Bustani ya Mungu, ila ukitaka maua uende wakati wa mvua. Juni tulikuta nyasi za kahawia na umande ulioganda. Alitueleza jinsi watu walivyokuwa wakichimba viazi vya okidi na kuvisafirisha kwenda Zambia, ambako hupikwa chikanda, mpaka ikaonekana zitakwisha. Mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa. Nilitetemeka kwa baridi nikamsikiliza nusu.

Kwenye kurudi nilikaa kiti cha dirishani. Wenzangu walilala kuanzia Igurusi. Karibu na Makambako nilimpigia mwenyekiti wetu.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Mmefika wapi? Umetuletea nini?"

"Nipo njiani. Naomba uniwekee jambo kwenye ajenda ya kikao cha Jumamosi."

"Jambo gani?"

"Magunia yangu 12. Yale ya usiku."

Kimya. Nilisikia kuku wake, na redio. Nikadhani salio limekwisha.

"Yako tu, Katibu," akasema hatimaye, "au na yangu?"