Sabini na Mbili

Naandika nikiwa kitandani, mto mmoja mgongoni na mwingine nimeukumbatia tumboni, maana kukohoa bila mto ni adhabu. Nyongo imetoka. Vijiwe vyake nimepewa ndani ya kikopo cha plastiki, na Baraka ameshatoa amri visionekane jikoni. Mkuu wa shule kahamishwa, Salome kaolewa Machakos bila mimi, mvua imeanza: hayo tutayaongea nikipata nguvu. Leo nina kesi moja tu, na mshtakiwa ni daktari wa usingizi.

Alipita wodini asubuhi baada ya upasuaji kuniangalia. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi, lakini nimeyarudia hadi Dada Rehema amenikataza kuyataja wakati wa kula.

"Mwalimu, umeamkaje?"

"Salama, Daktari." Sauti ilitoka nusu.

"Koo linakwaruza?"

"Kidogo."

"Ni ule mpira wa kupumulia. Litapoa. Umetapika?"

"La."

Akaandika kwenye faili, akaanza kuondoka, na alipofika mlangoni akageuka. "Lakini Mwalimu, hesabu zako! Kutoka sabini na tisa ukanirukia sabini na moja."

Akacheka. Sista akacheka. Mama wa kitanda cha pembeni, ambaye hata hakuwamo thieta nikihesabu, akacheka mpaka akashika mshono wake. Kisha daktari akaenda zake kulaza wagonjwa wengine, na mimi nikabaki na koo lisilotoa neno.

Sabini na moja! Nyinyi mnanijua. Mnajua ninavyowafanyia watoto wa Form Two wanaokimbilia kikokotoo ili watoe saba.

Jioni ya kabla ya upasuaji nilikuwa nimempenda. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawalifanyi sana, akauliza maswali yake bila haraka. Kuna dawa inayonidhuru? Nimewahi kupewa nusukaputi? Kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata matatizo nayo? Kuna jino linalotikisika? Hilo la jino lilinishangaza, akanieleza kwamba mpira wa kupumulia unapita hapo hapo, na jino legevu linaweza kung'oka likaelekea kusikotakiwa. Chakula mwisho saa sita usiku. Maji matupu ruhusa, ila nisiyaguse saa mbili za mwisho. Mtu akiwa chini ya dawa koo linaacha kulinda njia ya hewa, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Halafu akaziona kucha zangu, nyekundu za harusi ya Salome, akamwita sista azisafishe. Kile kibanio cha kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na rangi inaweza kukichanganya. Nikazitazama kucha zikirudi zilivyokuwa, nikajua kwa hakika kwamba Machakos siendi.

"Unafundisha somo gani, Mwalimu?"

"Hesabu."

"Aa, basi kesho nakupa mtihani."

Nikacheka. Kumbe hakuwa anatania.

Thieta ni baridi, hilo kila mtu atakuambia. Kisichosemwa ni jinsi watu wanavyoulizana maswali ambayo majibu yake wanayo. Niliulizwa jina langu na nimekuja kutolewa nini, na kila aliyeingia akauliza upya. Nilidhani wamepoteza faili, kumbe ni ile orodha ya ukaguzi ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuieneza mwaka 2008, ili asije mtu akapasuliwa asipostahili. Mimi nimeipenda. Ningeibandika kwenye mlango wa chumba cha mtihani.

Kwanza daktari akaniingizia dawa ya kutuliza moyo kupitia kanula, ule mrija mdogo wa kwenye mshipa wa mkono. Kisha barakoa ya oksijeni, yenye harufu ya plastiki mpya. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika kumi. Nikaona sindano kubwa ya dawa nyeupe. Hiyo ndiyo propofoli. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo huchanganywa na mafuta ya soya, na ndiyo maana ina rangi ya maziwa.

"Utasikia moto kidogo mkononi, usiogope. Haya Mwalimu, anzia mia, toa saba saba."

"Mia." Moto ukaanza kwenye kanula. "Tisini na tatu." Ukapanda hadi kwenye kiwiko. "Themanini na sita." Ile taa kubwa ya juu ikawa karibu zaidi ingawa hakuna aliyeisogeza, na sauti za watu zikawa zinatoka chumba cha pili. "Sabini na tisa." Hiyo naikumbuka. Nakumbuka hata midomo yangu ilivyogusa barakoa.

"Mama Baraka! Mama Baraka, fungua macho. Tumemaliza."

Kati ya sabini na tisa na Mama Baraka hakuna kitu. Nimejitahidi kukiita usingizi nimeshindwa. Ukilala, hata fofofo, unaamka ukijua muda umepita. Mwili umegeuka, mbwa wa jirani wamebweka, kuna mabaki ya ndoto. Hapa hakukuwa na giza wala kimya, kwa sababu hata giza linahitaji mtu wa kuliona. Mtu amechukua mkasi akakata ukanda wa siku yangu na kuunganisha ncha mbili. Nilikuwa bado namsubiri aanze. Nikamuuliza sista, "Mnaanza saa ngapi?" akasema, "Mama, ni karibu saa saba." Kisha nikaanza kutetemeka meno yakigongana, wakanifunika mablanketi, na tumbo likaanza kunisimulia lilichofanyiwa.

Sasa kesi yenyewe. Hoja yangu ni barakoa. Semeni wenyewe "sabini na mbili" mkiwa mmefunika mdomo kwa kiganja. Halafu semeni "sabini na moja." Mtu anayezama anaweza kufika "sabini na m" akaishia hapo. Mimi nilianza jibu sahihi, dawa ikanikatiza, na yeye ndiye aliyemalizia, tena kwa makosa. Dada akasema, "Au ulikosea tu." Nimemnyamazia tangu asubuhi hiyo mpaka mchana.

Hasa ninachokasirikia ni kwamba siwezi kukata rufaa. Ile dawa ya kutuliza aliyonipa mwanzo haifuti yaliyopita. Inazuia mapya yasiandikwe. Mtu anaweza kujibu swali, akatabasamu, akainua mkono anapoambiwa, na asibaki nalo hata moja. Kwa hiyo lolote nililosema baada ya sabini na tisa liko kichwani mwa mtu mmoja, na huyo ndiye hakimu, shahidi na aliyenidunga sindano. Fikiria maneno yako ya mwisho ya siku yamehifadhiwa na mtu usiyemjua hata jina la pili, naye akaamua kuyafanyia mzaha mlangoni.

Usiku sikulala. Bega la kulia ndilo lililoniua, wala si tumbo. Ili waone vizuri kupitia vile vitundu vidogo hujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi, na ukuta kati ya tumbo na kifua ukiwashwa nayo, maumivu huyasikia begani. Mwili nao unakosea anwani, wala hausemwi. Basi nikawa nasoma kwenye simu habari za waliotutangulia. Oktoba 16, 1846, kule Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha kijana mmoja mvuke wa etha, akatolewa uvimbe shingoni mbele ya madaktari. Morton huyo huyo aliitia etha rangi na harufu ili watu wasitambue kwamba ni etha ya kawaida tu. Alitaka haki ya kuiuza peke yake. Na kumbe miaka minne kabla yake, 1842, daktari wa Georgia aitwaye Crawford Long alikuwa ameshaitumia kumpasua mgonjwa, ila hakuchapisha chochote mpaka 1849. Hapo nilikaa kitako, bega likaniadhibu. Miaka saba una jibu daftarini na hukuonyesha njia! Hata mimi ningempa alama nusu.

Kabla ya hapo dawa yako ilikuwa pombe, afyuni, wanaume wa kukushika, na daktari mwenye mkono wa haraka. Nikazima simu.

Ilikuwa karibu na alfajiri, bado niko macho ila nimefumba, niliposikia mlango. Dada akaingia polepole, akasimama miguuni pangu, akanibana kidole gumba cha mguu. Nikakichezesha. Akaanza kutoka.

"Dada, unafanya nini?"

"Hakuna. Lala."

"Umenibana kidole."

Akarudi akaketi ukingoni mwa kitanda. Mnamjua Dada Rehema. Ni mtu wa kuagiza, si wa kueleza. Akachezea pindo la leso yake muda mrefu. Akasema walimwambia itachukua kama saa moja. Ilipopita akahesabu vigae vya korido. Alikuwa na mkoba wangu mapajani, pete yangu ameivaa yeye ili isipotee, na simu yangu ikawa inaita. Baraka. Mama yuko? Amelala. Baada ya muda tena, chumvi mmeweka wapi, na mama je? Amelala. Alipopiga tena neno likamgomea, akaikata simu na kumwandikia ujumbe.

"Mimi kwangu haikuwa hata sekunde," nikamwambia, nikidhani namfariji.

"Najua," akasema. "Zote zilikuwa zangu."

Sikuwa na la kujibu. Mimi ndiye niliyepasuliwa, mimi ndiye ninayeletewa supu, na wa kwetu wote wanapiga simu kuniuliza ilikuwaje. Ilikuwaje kwangu? Haikuwa. Hakuna aliyemuuliza aliyekuwa kwenye benchi. Na sasa nikijinyoosha mchana nikapitiwa na usingizi wa kawaida kabisa, wa mate mdomoni, yeye hawezi kukaa sebuleni.

Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka deni, "Yule daktari wako ndiye aliyetoka kuniambia. Nilikuwa nimeshafika vigae vya pembeni. Akaniambia, anapumua mwenyewe, na anauliza saa."

"Yule yule wa sabini na moja?"

"Yule yule. Akaniambia alikuwa kichwani pako muda wote."

Nimesoma kwamba wanapokuhesabisha wanasikiliza sauti inavyofifia. Ikikatika wanagusa kope kwa kidole waone kama utapepesa. Usipopepesa wanakushika taya. Halafu dawa nyingine inalegeza misuli yote, hata ile ya kupumua, na kuanzia hapo mashine inakupumulia na yeye anaitazama. Kwa hiyo mtu huyu alinigusa kope. Alikaa pale nisipokuwapo mimi wala Dada, akitazama kifua kikipanda na kushuka, na katika kazi yote hiyo akaona inafaa kukumbuka nilifika namba ngapi. Sijui niseme nini kuhusu hilo. Kuna watu nimekaa nao ofisi ya walimu miaka mingi wasiokumbuka ninachosema nikiwa macho.

Kesi siifuti. Naipunguza makali tu. Kliniki ya kutazama vidonda ni wiki ijayo, na ni ya daktari wa upasuaji, huenda huyu nisimwone kabisa. Nikimwona kwenye lifti nitamsalimu vizuri, nitamshukuru kwa ajili ya Dada, kisha nitamwomba aseme "sabini na mbili" akiwa na barakoa.

Dada amenitishia kuninyang'anya simu nikiandika zaidi ya hapa. Ila jamani, kuna doa kwenye dari ya chumba cha Baraka, juu kabisa ya kitanda chake. Juzi lilikuwa la ukubwa wa sahani, leo limefika kwenye waya wa taa. Ama ni bomba la wale wa ghorofa ya juu ama ni paa lenyewe, na mvua ndiyo kwanza imeanza. Keateka wa ploti, yule mwangalizi wa nyumba, hapokei simu tangu juzi. Nimemwambia Baraka asiwashe ile taa na avute godoro hadi sebuleni, akasema hawezi kulala sebuleni kwa sababu Dada anapitapita usiku. Kama kuna anayemjua fundi wa maji wa kuaminika anayeweza kufika Umoja siku ya Jumapili, aniandikie leo leo.