Herufi R kwenye plagi ya pampu ya maji

Kiangazi kilichopita baba mdogo alinieleza kwamba redio yake, ambayo huitundika kwenye mwembe ulio kando ya bustani ya nyanya, imeharibika. Kila pampu ya kumwagilia ilipowashwa, taarifa ya habari ya saa kumi jioni ilizama katika mikwaruzo, na pampu ilipozimwa sauti ilirudi safi. Redio hiyo hutumia betri na haina waya wowote unaoiunganisha na pampu, kwa hiyo usumbufu ulikuwa ukipita hewani. Nilipomwomba aongeze kasi ya injini, mikwaruzo nayo ikaharakisha kwa mwendo uleule, na hapo nikajua kwamba redio ni nzima na kinachopaswa kuchunguzwa ni plagi, yaani kile kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini.

Cheche ni chanzo halisi cha mawimbi ya redio. Heinrich Hertz alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi hayo huko Karlsruhe, Ujerumani, mnamo miaka ya 1880, aliyazalisha kwa cheche iliyoruka kwenye pengo dogo. Katika injini, umeme uliojikusanya kwenye plagi na waya wake humwagika ghafla pindi cheche inaporuka, mkondo ukayumba kwenda na kurudi mamilioni ya mara kwa sekunde, na waya wa plagi ukawa antena bila mtu kukusudia. Rezista, yaani kijisehemu kinachozuia mkondo wa umeme, ikifichwa ndani ya kauri ya plagi karibu kabisa na pengo, hutuliza myumbo huo kabla haujaufikia waya. Redio ya FM husumbuka kidogo, lakini masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo baadhi ya wasikilizaji wa vijijini bado wanayategemea, huumia sana.

Injini ya pampu ile ni Honda GX160, na kitabu chake kinataja plagi ya kampuni ya NGK aina ya BPR6ES. Nilipoifungua nilikuta BP6ES. Kipenyo cha uzi ni kilekile cha milimita 14, urefu wa uzi ni uleule wa milimita 19, na namba 6 ya kiwango cha joto haikubadilika. Kilichokosekana ni herufi R, yaani rezista yenye ukinzani wa omu 5,000 hivi. Watengenezaji wengine wa plagi, Bosch na Champion, nao hutumia R, ingawa Champion huitanguliza, kama katika RN9YC.

Fundi aliyeifunga BP6ES alikuwa na nia njema, kwani aliamini kwamba rezista huidhoofisha cheche na kuifanya injini iwe ngumu kuwaka. Imani hiyo nimeisikia kwa mafundi wengi na ninaona inafaa kujibiwa kwa heshima. Kabla cheche haijaruka, mkondo unaopita kwenye rezista ni mdogo mno, kwa hiyo volti zinazofika kwenye pengo hazipungui kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Baada ya kuruka, mkondo huwa wa makumi ya miliampia tu, na rezista hula volti mia chache kati ya maelfu yaliyopo. Injini yenye koili nzima, yaani sehemu inayozalisha volti kubwa za cheche, haitambui tofauti hiyo. Ikiwa inawaka kwa shida, ni afadhali kukagua pengo, kabureta na koili kuliko kuilaumu rezista.

Kwa anayekwenda dukani, ningeshauri achukue namba kamili kutoka kwenye kitabu cha injini, wala asiridhike na plagi inayofanana kwa umbo. Aende pia na mita ya kupimia ukinzani wa umeme: kati ya kichwa cha plagi na ncha ya katikati, plagi yenye rezista huonyesha maelfu kadhaa ya omu, ilhali isiyo nayo huonyesha karibu sifuri. Ikionyesha makumi ya maelfu, rezista imechakaa, na plagi ya namna hiyo ndiyo inayoweza kweli kuleta shida ya kuwaka. Kofia ya plagi nayo ipimwe, kwa kuwa baadhi zina rezista yake.

Nilifunga BPR6ES mpya yenye pengo la milimita 0.7, nikaikaza kwa mkono hadi ikakalia, kisha nusu mzunguko kwa spana. Katika masafa ya kati bado husikika mkwaruzo hafifu redio ikiwa hatua tatu au nne kutoka kwenye pampu. Pale mwembeni, baba mdogo anaisikia taarifa nzima huku maji yakiendelea kuingia kwenye matuta.