Anaingilia Wapi?

Bado linanichoma, swali la bibi mmoja. Labda nikiliandika litapoa.

Jumamosi jumuiya, yaani kikundi chetu cha Wakatoliki majirani tunaosali nyumba kwa nyumba, ilikuwa kwetu. Tumesoma Injili ya Jumapili, tumetafakari, tumefika kwenye maombi, nikafungua kinywa. Mnanijua. Niliombea mvua, wagonjwa, mapadri, marehemu wa toharani, darasa langu la saba, hadi Baba Watoto akaanza kile kikohozi chake. "Twakuomba utusikie," wakaitikia kwa uchovu. Mimi nilikaa chini nimeridhika.

Wakati wa kuagana Bibi wa Kona akanishika mkono.

"Mwanangu, unasali vizuri."

"Asante, bibi. Ni neema tu."

"Ee. Sasa na Yeye akitaka kusema, anaingilia wapi?"

Akachukua fimbo yake, akaondoka na chupa yake ya soda kwenye kikapu.

Wiki nzima, wakaguzi wamekuja shuleni wakaondoka, mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike, na mimi bado nimo kwenye "anaingilia wapi". Namjibu nikiosha vyombo. Bibi, si Yesu mwenyewe aliyesema ombeni nanyi mtapewa? Bibi, na hiyo Rozari yako yenye Salamu Maria hamsini, huko Yeye anaingilia wapi? Hilo la pili lilinifurahisha sana, nikalirudia mpaka kwenye daladala. Ila bibi akiongoza Rozari, kati ya tendo na tendo hunyamaza kwa muda mrefu, hadi vijana hufikiri kasinzia. Kwa hiyo na jibu hilo nalo halifai.

Alhamisi nikaenda kuabudu bila kitabu wala rozari, makusudi, nimuonyeshe. Nikakaa benchi la nyuma, Ekaristi altareni. Ikaja ada. Ukaja unga. Likaja kabati la mitihani, nimelifunga au sikulifunga? Nikatazama saa. Nikatazama tena. Hapo nikakumbuka habari ya Mtakatifu Teresa wa Avila aliyotusimulia padri kwenye mafungo ya Kwaresima: kwa miaka alikuwa akisali huku akisubiri saa igonge amalize, na aliliandika mwenyewe bila aibu. Na ndiye huyo huyo Papa Paulo VI aliyemtangaza Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu wa kufundisha Kanisa zima, mwaka 1970! Nikacheka kwa sauti. Mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) akageuka kunitazama, nikajifanya nakohoa.

Baada ya kucheka nikalegea, nikaacha hata kutafuta la kusema. Likaja jina la wifi.

Nilitarajia faraja kidogo, jamani, hata amani tu. Likaja la wifi, yule yule, ambaye hatujasemezana tangu mambo ya kaburi la baba mkwe. Nikalifukuza kwa Baba Yetu. Nilipofika "kama tunavyowasamehe" nikakwama, likawa limekaa palepale.

Tunapenda kumtaja nabii Eliya kule mlima Horebu, Mungu aliposema naye kwa ile sauti ndogo ya utulivu, utadhani alipewa mto alalie. Endeleeni kusoma hiyo 1 Wafalme 19. Aliulizwa anafanya nini pale, kisha akarudishwa njia aliyojia, na kazi juu yake. Maneno mengi yana usalama wake, asiniambie mtu.

Sijampigia wifi. Nilimwambia Baba Watoto, akasema, "Anza wewe. Mimi ni dada yangu, atanimaliza."

Jana nimekutana na bibi njiani. Shikamoo, marahaba, akaniuliza kama maharage yangu yameshika. Hana habari kabisa!

Basi, ng'ombe hajacheua tangu asubuhi. Majani hajayagusa, maji kidogo sana, na simu ya bwana mifugo haipatikani. Kama kuna anayemjua mwingine upande huu wa Kibosho anayekubali kuja usiku, nitumieni namba. Ana mimba ya miezi saba.