Bibi alikuwa anasubiri mguu wangu

Gari langu ni Corolla EE90 ya mwaka 1991, injini ya 2E, bado ina kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Vijana wa sokoni Majengo, hapa Dodoma, wanaliita Bibi. Msimu wa zabibu ndilo linalonipeleka Hombolo alfajiri na kunirudisha na makreti hadi siti ya mbele. Kwa hiyo mwaka jana mwezi wa nane, lilipoanza kuzimika, nilizisingizia zabibu.

Likiwa barabarani halina shida. Nikifika kwenye tuta, nakanyaga klachi na breki, injini inashuka sauti, inatetemeka mara mbili, kimya. Taa ya betri na ya oili zinawaka pamoja. Nikipiga starta linawaka mara moja, halina kinyongo. Tuta linalofuata, yale yale. Siku moja likanizimikia karibu na Jamatini, daladala iko nyuma yangu, konda akatoa kichwa dirishani: "Mama, Bibi kasinzia!"

Fundi wa kwanza alisema ni misi, yaani injini inakosa moto. Akabadilisha plagi na filta, akasafisha kabureta, akapandisha sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, kwa bisibisi. Shilingi 85,000 zikaondoka. Siku mbili nilitembea kama malkia, ya tatu likazima tena. Baadaye nilielewa kwamba ile sailensi ya juu ndiyo iliyonidanganya: injini ilikuwa na pumzi ya ziada, ikawa inachelewa kufa. Mafuta nayo yakawa yanaisha haraka.

Kijana wa jirani akaja na wazo zuri zaidi, la boya, lile linaloelea ndani ya kabureta kupima petroli. Kwamba nikifunga breki, petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta inakimbilia mbele, injini ama inafurika ama inakosa. Wazo hilo nililipenda kwa sababu lilikubaliana na zabibu zangu: mzigo mzito, breki ndefu, petroli inayumba. Nikalijaribu gari tupu kabisa. Likazima.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja Chang'ombe, anatengenezea chini ya mwarobaini, hana hata kibao. Nikaanza kumsimulia matuta yote niliyozimikiwa. Akanikata.

"Mwanangu, matuta yaache. Mguu wako ulikuwa wapi?"

Tukaenda uwanja wa vumbi. Akaniambia nitembee kama 20 hivi, nikanyage klachi, nisiguse breki ya mguu, nivute hendibreki. Bibi akaburuzika, vumbi likatufunika, akasimama. Injini ikaendelea kunguruma kama haikuona kitu. Kisha gari likiwa limesimama, gia iko fri, akasema sasa kanyaga breki. Nikakanyaga. Sauti ikashuka, tetemeko, kimya.

Hapo nadharia ya boya ikafa, maana gari lililosimama haliyumbishi petroli. Kilichokuwa kinaliua ni mguu wangu, si mwendo. Na kwa kuwa safari hii hapakuwa na kelele za barabara, nikasikia kitu ambacho huenda kilikuwepo wiki zote: "sssss" nyembamba chini ya dashibodi, karibu na pedali.

Mzee akafungua boneti akanionyesha haidrovaki, lile bati jeusi la mviringo nyuma ya masta silinda, pampu inayosukuma oili ya breki. Ndilo linalofanya breki iwe laini. Linatumia mvuto wa injini, unaokuja kwa mpira mnene kutoka kwenye manifoldi, njia ya hewa kuingia kwenye injini. Ndani kuna raba inayoligawa bati vyumba viwili. Ukikanyaga, hewa inaingia upande wa pedali na kuisukuma raba. Ikichanika, hewa ile inapita moja kwa moja hadi kwenye injini. Kabureta haina habari, inatoa petroli ile ile, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno. Ukiwa kwenye kasi injini inavumilia, lakini kwenye sailensi haiwezi.

Akaufunga ule mpira kitambaa, akaubana kwa plaizi. "Kanyaga." Injini haikutikisika. Ila pedali ilikuwa ngumu kama nakanyaga ukuta, na akanionya nisije nikathubutu kuendesha hivyo hata kufika nyumbani.

Kulifungua haidrovaki ndiko kulikoniaibisha. Nyuma ya masta palikuwa pamelowa, na ndani ya bati oili ya breki imetuama. Raba za masta zilikuwa zimechoka, oili ikawa inavuja kinyumenyume, ikaila raba ya haidrovaki taratibu hadi ikachanika. Na mimi tangu mwezi wa sita nilikuwa naongeza oili ya breki kila baada ya wiki chache. Nilichungulia magurudumu yote manne, makavu. Nikasema ni joto la Dodoma. Fundi wa kwanza sikumwambia, naye hakuuliza.

Tulipata haidrovaki ya mtumba, masta tukaweka mpya, tukatoa upepo kwenye breki. Mwisho kabisa mzee akachukua bisibisi akairudisha sailensi chini pale ilipokuwa zamani, akanitazama nikanyage breki mara tano, kumi. Bibi hakusinzia.

Chupa ya oili ya breki bado iko chini ya siti, imebaki nusu. Tangu Septemba sijaifungua.