Hapo uliposimama

"Hapo uliposimama ndipo walipokuwa."

Mjomba alisema hivyo Jumapili tulipokuwa mtoni tukivua trauti, samaki wa mito yenye maji ya baridi. Alisema taratibu, bila hata kunigeukia. Leo Alhamisi maneno yale hayajanitoka. Dada amejifungua salama, kazini wametuhamishia ghorofa ya juu, na mimi nikiosha vyombo bado namsikia: hapo uliposimama.

Kilichoniuma ni kwamba nilidhani najua. Niliingia majini moja kwa moja ili nirushe ndoano katikati ya mto, penye kasi, kwa kuwa nilishaamini kwamba penye maji mengi ndipo penye trauti wengi. Nikamjibu, "Lakini hapa hayafiki hata magotini." Akasema, "Anatafuta pa kupumzika karibu na chakula." Akanyamaza, akaendelea kufunga uzi wake.

Karibu na chakula. Nimelirudia jibu hilo usiku kucha, na kila nikilirudia linazidi kuwa kweli. Trauti hukaa kichwa kikielekea mto unakotoka, akingoja wadudu waletwe na maji. Akikaa kwenye kasi atachoka bure, na kwenye maji yaliyotuama hapati kitu. Basi hujibanza mpakani: nyuma ya jiwe, au mbele yake pale maji yanapogonga na kupungua nguvu, au chini ya ukingo ulioliwa na mto. Povu likishuka kwa mstari, wadudu nao wamo humo.

Jana niliomba ruhusa mapema nikarudi peke yangu. Maji yalikuwa nyuzijoto 14, ubaridi anaoupenda. Yakipita 20 huanza kutaabika. Nilinyata kutokea upande wa chini, maana nyuma ya mkia ndiko asikoona, nikapiga magoti nyuma ya majani. Kwa muda mrefu niliona changarawe tu. Kisha kokoto moja ikapumua. Mdomo ukafunguka, weupe wa ndani ukang'aa, kisha mdomo ukafumba. Akasogea kando kama upana wa kiganja, akadaka kitu, akarudi palepale. Pale pale niliposimama Jumapili.

Sikurusha ndoano. Nilimtazama mpaka miguu ikafa ganzi, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Nilitaka kumpigia Mjomba usiku, lakini simu ya Mama ilitangulia. Kile kikohozi kimerudi. Anasema ni vumbi tu. Mwezi wa pili pia alisema ni vumbi.